Nampeleka mama Istanbul, naye haliwezi kundi la watu

Shangazi, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete, Pemba. Mdogo wangu wa kiume anamaliza masomo yake Konya, Uturuki, mwezi wa Juni, na ametuomba mama aende akamuone akivaa joho. Karafuu msimu uliopita zilitupa chochote, ndugu tukachanga, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumsindikiza mama. Tutashukia Istanbul na kukaa siku nne, kwa sababu mdogo wangu atakuwa bado ana mitihani na hawezi kuja kutupokea. Baadaye tutamfuata Konya kwa treni.

Tatizo langu ni hili. Mama ana miaka 68, miguu yake ni mizima, lakini kundi la watu haliwezi. Tangu Septemba 2011, ile meli iliyopakia kupita kiasi ilipozama usiku ikitoka Unguja kuja kwetu, mama amebadilika. Tulipoteza jamaa mle. Daladala ikijaa anashuka. Akialikwa harusini anakaa karibu na mlango. Boti ya kwenda Unguja hupanda kwa kulazimishwa, na njia nzima hunishika mkono.

Sasa kila mtu ananiambia Istanbul mwezi wa Juni ni watu juu ya watu. Jirani yetu alisafiri nje mwaka juzi akachomolewa pochi yenye pasipoti kwenye foleni, na akapata tabu kubwa mpaka kurudi nyumbani. Kwenye kikundi cha ukoo wananitumia video za wezi na matapeli kila siku. Mume wangu anataka tulipie wakala, tuchukuliwe na basi pamoja na watalii wengine arubaini tuzungushwe. Nikimfikiria mama katikati ya watu arubaini nachoka kabla sijaondoka. Na baba mdogo anasema wanawake wawili hawana safari bila ya mahram, yaani mume au ndugu wa kiume wa karibu.

Mama mwenyewe ana ombi moja tu, kusali msikiti wa Ayasofya. Mimi nilisoma Unguja, nikikaa kwa mama mkubwa Mkunazini, Mji Mkongwe, kwa hiyo mji wenye wageni naujua kidogo. Lakini huko mgeni nitakuwa mimi. Tulale wapi? Tutembee vipi? Tukipoteana je? Au nimwambie mdogo wangu atutumie picha tu?

Binti wa Wete

*

Marahaba, mwanangu. Mpeleke mama yako. Kijana amesoma miaka ughaibuni na mama yake anaweza kufika kumuona, picha hazitoshi.

La mahram nakuomba umuulize sheikh unayemuamini, umueleze safari yote ilivyo, na mama awepo mkiongea. Mimi si mwanachuoni, na jambo hilo linataka jibu la mwenye elimu. Yaliyobaki nitayajibu.

Umeandika kwamba umekaa Mkunazini, kisha ukasema huko mgeni utakuwa wewe, kana kwamba hayo mawili hayakutani. Yanakutana, na hapo ndipo msaada wako mkubwa ulipo. Wewe umeuona utalii kutoka upande wa mwenyeji. Meli kubwa ya watalii ikifunga gati Malindi asubuhi, unajua mapema barabara ya Gizenga itakavyokuwa ikifika saa tatu. Unajua Forodhani baada ya magharibi hapapitiki na asubuhi unaweza kukaa peke yako ukatazama bahari. Unajua vilevile kwamba ukiingia vichochoro viwili tu ndani kutoka wanakopita wageni, unawakuta watoto wanacheza na bibi kakaa barazani, na hakuna mtalii hata mmoja. Watalii hawaujazi mji. Wanajaza njia chache kwa saa chache, kwa sababu wote wameambiwa waende pale pale, wakati ule ule.

Istanbul ni mji wa watu zaidi ya milioni 15, na mambo ni hayo hayo. Wageni wanajazana uwanja wa Sultanahmet, Soko Kuu lililofunikwa wanaloliita Kapalıçarşı, mnara wa Galata na barabara ya İstiklal, tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni. Nyinyi fikeni pale mnapopataka tu, kwa saa mnayoitaka nyinyi, kisha muondoke.

Kwa hiyo msilale Sultanahmet. Mawakala watakusukuma huko kwa kuwa ni karibu na kila kitu, lakini maana yake ni kwamba mama kila akitoka nje atakutana na kile anachokikimbia. Laleni Üsküdar, upande wa Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosphorus. Ni mtaa wa watu wenye ibada na familia zao, misikiti kila upande, wanawake wa makamo wamejifunga mitandio wanatoka sokoni na vikapu. Pale pwani upo msikiti wa Mihrimah Sultan, uliojengwa na msanifu majengo Mimar Sinan katika karne ya 16, na mbele yake ndipo vivuko vinapofunga. Mama ataadhiniwa Alfajiri akiwa kitandani, na hilo peke yake litamtuliza zaidi ya maneno yangu.

Najua unachokifikiria sasa: Shangazi ananiambia tukae ng'ambo, na mama na vyombo vya baharini ndiyo hivyo. Hapa nitakaa kidogo.

Vivuko vya pale ni vikubwa, vina sakafu ya chini na ya juu, viti vya ndani na vya nje, na kutoka Üsküdar mpaka Eminönü, gati la upande wa Ulaya, ni kama robo saa tu. Pwani zote mbili mnaziona wakati wote. Lakini kubwa kuliko hayo ni kwamba chombo kimoja kikiondoka hakipiti muda kingine kinakuja, mchana kutwa. Mama yako haogopi maji, mwanangu. Nijuavyo kwa ulivyoniandikia, anaogopa kupandishwa kitu kilichojaa na kuambiwa hakuna kingine. Basi mwekeeni ahadi kabla hamjaondoka Wete: kivuko, tramu au treni yoyote ikija imejaa, hampandi, mnangoja inayofuata, na anayeamua kwamba imejaa ni yeye. Usimbishie hata mara moja, hata kama wewe unaona nafasi ipo. Akishayaona maneno yake yanafuatwa, utashangaa mkono wako utakavyoachiwa. Mpitishe kwenye kivuko mara ya kwanza saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati watu wameshakwenda makazini, na mkae karibu na mlango kama anavyokaa harusini. Jumamosi na Jumapili msithubutu boti za kwenda visiwa vya Adalar. Majira ya joto mji mzima unakwenda huko, na zinajaa.

Ipo pia treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu mwaka 2013. Kutoka Üsküdar kituo kinachofuata ni Sirkeci, upande wa Ulaya, dakika chache tu. Ni nzuri ikinyesha mvua. Lakini ngazi zake zinakwenda chini sana, na asubuhi na jioni inabeba wafanyakazi. Mwambie mama mapema kwamba inapita chini ya bahari, asije akaambiwa na mtu mwingine akiwa ndani. Vyombo vyote hivi mnalipia kwa kadi moja, Istanbulkart. Inunueni siku ya kwanza kwenye mashine na mtie fedha mle.

Sasa Ayasofya. Jengo lile lina historia ndefu, limesimama tangu mwaka 537, na mwaka 2020 lilirudishwa kuwa msikiti baada ya kuwa makumbusho kwa miaka mingi. Tangu Januari 2024 watalii na wanaosali wametenganishwa. Mtalii wa kigeni analipa euro 25, anaingia kwa mlango wake na kupandishwa roshani ya juu. Anayekwenda kusali anaingia ukumbi wa chini, bure. Ile foleni ndefu unayoiona kwenye video ni ya watalii, na wewe na mama hamna haja nayo. Fuateni mlango wa wanaosali, mlinzi akikuulizeni mwambieni mnakwenda kusali, na mkaguliwe mikoba kama wengine. Ndani ipo sehemu ya wanawake.

Saa za Uturuki ni sawa na zetu, hakuna cha kubadilisha kwenye simu. Lakini jua lao la Juni ni refu. Linachomoza kiasi cha saa kumi na moja na nusu alfajiri na magharibi inaingia baada ya saa mbili za usiku. Isha inakaribia saa nne na nusu. Adhuhuri ni saa saba na kitu, Alasiri ni kiasi cha saa kumi na moja jioni. Mimi ningemchagulia mama Alasiri ya siku ya katikati ya wiki. Fikeni nusu saa kabla, msali, mkae kwenye zulia mpaka moyo wake utosheke, kisha mshuke taratibu kwenda Eminönü kabla jua halijatua. Ijumaa muiepuke kabisa. Swala ya Ijumaa haimlazimu yeye wala wewe, na siku hiyo uwanja wote hujaa mikeka mpaka nje. Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye vigae vya buluu, unatazamana nao, na wakati wa swala hufungwa kwa watalii, wanaosali wanaingia.

Na kama mkifika mkakuta kundi mama haliwezi, usione aibu kugeuza njia. Nendeni msikiti wa Süleymaniye. Ulikamilika mwaka 1557, kazi ya Mimar Sinan tena, na uko juu ya kilima ukiitazama bahari. Mimi naupenda kuliko wote mjini mle. Una ua mpana wenye miti na mabenchi, na watalii wanaopanda kile kilima ni wachache ukilinganisha na walio chini. Mama akimaliza kusali atakaa pale kivulini na atakwambia mwenyewe wakati wa kuondoka.

Kwa Abu Ayyub al-Ansari, sahaba wa Mtume (S.A.W.), mtaa wa Eyüp, najua mama atataka kufika kuzuru kaburi lake. Asubuhi ya Jumatatu au Jumanne ni sawa. Mwisho wa wiki Waturuki wenyewe wanakwenda kwa maelfu, na wavulana wanaotahiriwa wanapelekwa wakiwa wamevalishwa kama wafalme. Kasri la Topkapı, yalipo mabaki matukufu yanayonasibishwa na Mtume (S.A.W.), linafungwa kila Jumanne. Mkilitaka, muwe mlangoni linapofunguliwa. Soko Kuu lina maduka kama 4,000 na hufungwa Jumapili. Mama kama wako hana cha kutafuta mle. Zawadi nunueni soko la Üsküdar, bei wanazolipa wenyeji.

Ratiba yenu iwe hivyo: asubuhi mapema na jioni nje, kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana mko ndani mmelala. Juni jua lao ni kali, na hizo ndizo saa makundi ya mabasi yanapomwagika.

Nije kwa wezi na matapeli. Istanbul si mji wa kutisha kwa wanawake wawili wanaotembea mchana. Ni mji mkubwa wenye watu wa kuwinda wageni, na wewe aina hiyo unaijua vizuri, kwa sababu ulikuwa ukipishana nao kila siku ukitoka Mkunazini. Papasi wetu, yule anayewaganda watalii mitaani, anamtambuaje mgeni? Mgeni anasimama njia panda akigeuza simu. Anatazama juu. Akisalimiwa anasimama, anajibu, anaeleza anatokea wapi. Basi njia utakayopita ujifunze hotelini kabla ya kutoka, na ukitaka kutazama simu ingia dukani au msikitini, usimame huku mgongo uko ukutani. Wauzaji wa Sultanahmet wengi wanajua Kiarabu na Kiingereza. Watakuita dada, watamwita mama hajjati, watakwambia ndugu yao ana duka la mazulia hapo mbele na chai ni bure. Kuendelea kutembea bila ya kujibu si kukosa adabu. Hili nalisisitiza, kwani sisi tumelelewa kuitikia kila salamu na ndipo tunaponaswa.

Upo mchezo wa mng'arisha viatu. Anapita mbele yako, brashi inamuanguka kana kwamba hajui. Wewe kwa wema unaiokota unampa, naye kwa shukrani anakusafishia viatu, kisha anadai fedha nyingi kwa sauti kubwa. Iacheni brashi pale ilipo. Mtu akikwambieni Ayasofya leo imefungwa, nifuateni nikupelekeni pengine, nendeni mlangoni mkaone wenyewe. Teksi ya njiani, kama hamna budi, hakikisha mita imewashwa kabla ya gari kuondoka, na utaje noti kwa sauti unapoitoa, maana wako wanaobadilisha noti kubwa kwa ndogo kiganjani na kukwambia umelipa pungufu.

Wezi wa mifukoni wanapenda tramu ya T1, ile inayopita Sultanahmet na Eminönü, hasa pale mlangoni watu wanapopanda na kushuka. Ahadi ya mama ya kutopanda kilichojaa inakulindeni na hili pia. Pasipoti zibaki hotelini kwenye kisanduku cha kufunga. Mtembee na nakala ya karatasi na picha kwenye simu, na picha hizo umtumie mdogo wako na mume wako. Fedha zigawe. Za siku hiyo kwenye mkoba, zilizobaki mama atie kibindoni ndani ya buibui, kama bibi zetu walivyofanya, na hakuna mwizi atakayezifikia. Chukueni dola au euro mbadilishe kidogo kidogo mjini, kwa sababu shilingi yetu huko haibadiliki kirahisi.

Kupoteana ndiko kunakokutia khofu zaidi, naona. Kanuni ni moja: mama hatembei. Akigeuka asikuone, anasimama pale pale alipo, ukutani, wewe ndiye unayerudi. Watu wawili wanaotafutana wakizunguka wote hawakutani. Mdogo wako aandike kwa Kituruki, kwa mkono wake, kadi mbili za mama: jina la mama, jina na anuani ya hoteli, namba yako, namba ya yeye mdogo wako, na sentensi isemayo "nimepotezana na binti yangu, tafadhali mpigie simu". Moja ikae mkobani, moja ishonwe ndani ya mfuko wa buibui. Akiionesha kwa mwanamke yeyote mwenye mtoto, au mwenye duka, au askari, atasaidiwa. Waturuki wana heshima kubwa kwa mama mtu mzima, hili nimeliona kwa macho yangu, wanamuinukia kwenye kiti kabla hajaomba. Namba ya dharura nchi nzima ni 112, kwa polisi, gari la wagonjwa na zimamoto. Ubalozi wetu uko Ankara. Namba yake muiandike kwenye daftari, si kwenye simu peke yake.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mmebanwa na watu, mikono iwe mbele ya kifua ili pumzi ipite, msirudi kinyume na watu wanakokwenda, mtoke kwa kukata pembeni kidogo kidogo, na kitu kikianguka msikiinamie hata kiwe simu. Mkisikia maandamano, uwanja wa Taksim au popote, msiende kutazama.

Mume wako ana haki ya kukukhofieni, usimfanye adui. Mwambie hiyo fedha ya basi la watu arubaini itumike kwa mambo mawili. Kwanza, gari la hoteli likupokeeni uwanja wa ndege, kwa sababu mtafika mmechoka na uwanja ule ni mkubwa sana. Pili, muongoza wageni mmoja, mwanamke ikiwezekana, wa nusu siku, nyinyi wawili tu. Waongozaji wenye leseni huvaa beji yao shingoni, wanaiita kokart. Asiyekuwa nayo msimchukue.

Treni ya mwendo wa kasi ya Konya inasimama Söğütlüçeşme, upande huo huo wa Asia mtakapolala, kwa hiyo siku ya kuondoka hamtavuka bahari na mizigo. Ni kiasi cha saa tano, na kila abiria ana kiti chake chenye namba. Mama atapenda hilo. Tiketi zinakwisha mapema majira ya joto, na mdogo wako aliyeko huko ndiye wa kuzinunua. Mpigie leo, na katika simu hiyo hiyo umuagize zile kadi mbili za mama.

Shangazi